Uumbaji na Mageuko katika Mafunzo ya Sayansi: Fuvu la Oldupai na Maneno ya Darasani

Tarehe 17 Julai 1959, katika Korongo la Oldupai kaskazini mwa Tanganyika, Mary Leakey aliona vipande vya fuvu na meno makubwa vikichomoza katika mteremko. Mumewe, Louis Leakey, alikuwa amebaki kambini siku hiyo kwa sababu ya homa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo ilitimia miaka mia moja tangu Charles Darwin atoe kitabu chake juu ya asili ya spishi. Fuvu lilitunzwa nje ya nchi hadi mwaka wa 1965, ndipo liliporudishwa Tanzania na kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, kando ya barabara iliyopewa jina la Shaaban Robert, katika Wilaya ya Ilala.

Wilaya hiyo ndiyo kitovu cha kale cha mji. Ndani yake mna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, yote mawili yaliyojengwa zama za Wajerumani. Mna misikiti ya Kitumbini na Mtoro. Na katika Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, ndipo Chuo Kikuu kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU kabla ya kuhamia mlimani. Basi dini, elimu ya juu na mabaki ya kale vilikuwa majirani wa karibu. Mwanafunzi wa wilaya hiyo aweza kusikia habari za Adamu asubuhi na habari za fuvu la Oldupai mchana, bila kutembea mwendo mrefu.

Swali linalozuka ni hili: je, uumbaji, pamoja na fundisho la siku hizi linaloitwa usanifu wenye akili, vina mahali katika somo la sayansi kando ya mageuko? Katika nchi nyingine swali hili limeamuliwa na mahakama. Katika Tanzania limekaa ndani ya vitabu vya shule, na kwa sehemu kubwa limekaa ndani ya maneno. Neno moja hasa, nadharia, limebeba mzigo mzito kuliko inavyostahili. Na kwa kulibebesha hivyo, sayansi imepungukiwa, na dini nayo haikupata faida.

Yafaa kuanza na fuvu lenyewe, maana historia yake yaonyesha jinsi sayansi inavyofanya kazi. Louis Leakey alilipa jina la Zinjanthropus boisei. Sehemu ya mwisho ilimheshimu Charles Boise, aliyegharimia uchimbaji. Sehemu ya kwanza imetokana na Zinji, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani ya Afrika Mashariki na watu wake, na ambalo limo vile vile katika jina la Zanzibar. Korongo nalo lina jina la Kimaasai la mkonge mwitu uotao huko, oldupai. Wilhelm Kattwinkel, Mjerumani, alifika mahali hapo mwaka wa 1911, na katika maandishi ya wageni jina likawa Olduvai. Kwa hiyo fuvu hili limekuwa na majina ya pwani na ya bara hata kabla ya kupata jina la Kiswahili.

Hapo mwanzo Leakey aliamini kwamba mwenye fuvu ndiye aliyechonga zana za mawe zilizopatikana karibu naye, na kwamba alikuwa katika ukoo uliomzaa binadamu. Alikadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka 600,000. Mwaka wa 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, na jibu likawa miaka 1,750,000, yaani karibu mara tatu ya makadirio ya kwanza. Tangu mwaka wa 1960 yalipatikana katika korongo hilo hilo mabaki ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo zaidi. Mwaka wa 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa jina la Homo habilis, na sifa ya kuchonga zana ikahamishwa kwake. Tobias alitoa uchambuzi mkubwa wa fuvu la kwanza mwaka wa 1967. Leo wataalamu wengi hulihesabu katika jenasi ya Paranthropus, tawi lililokoma zaidi ya miaka milioni moja iliyopita bila kuacha kizazi.

Maana yake ni kwamba fuvu linalotajwa na wengi kuwa la mtu wa kwanza si la babu wa mtu yeyote aliye hai. Wapo wanaoona badiliko kama hili kuwa dalili ya udhaifu: leo hivi, kesho vile. Lakini hukumu ya kwanza ilitenguliwa na mifupa mingine na vipimo vingine, wala haikutenguliwa na wadhifa wa mtu. Kauli iliyo tayari kushindwa na ushahidi ndiyo kauli ya sayansi. Mary Leakey na wenzake walipochunguza nyayo za Laetoli kuanzia mwaka wa 1978, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6, walipata jambo jingine la kurekebisha fikra: viumbe wale walitembea kwa miguu miwili zamani sana kabla ya zana za mawe za Oldupai.

Habari hizi ziliingiaje shuleni? Katika mihtasari ya sekondari iliyotumika kuanzia mwaka wa 2005, somo la Historia la kidato cha kwanza lilikuwa na mada ya mageuko ya binadamu, teknolojia na mazingira, na somo la Biolojia la kidato cha nne lilikuwa na mada ya mageuko. Vitabu vya kiada vya Historia vilikuwa na desturi ya kuanza kwa kusema kwamba kuna nadharia mbili juu ya asili ya binadamu: nadharia ya uumbaji na nadharia ya mageuko. Ya kwanza ilielezwa kwa sentensi chache zitokanazo na vitabu vitakatifu. Ya pili ilielezwa kwa kurasa, pamoja na picha za mafuvu na orodha ya miaka. Mwanafunzi alitakiwa kuzijua zote mbili kwa ajili ya mtihani. Hakuambiwa wazi ni kwa sababu gani moja ina picha na miaka, na nyingine haina.

Mpango huo ulikuwa na nia njema. Serikali haina dini, bali wananchi wana dini zao, na mwalimu asiyetaka kumvunjia mtoto heshima ya nyumbani kwao huona ni adabu kuziweka kauli mbili sawasawa ubaoni. Lakini adabu hiyo imefichwa ndani ya neno lisilofaa. Kuita mambo mawili kwa jina moja ni kusema kwamba ni ya namna moja, na hapa si ya namna moja.

Nadharia ni neno la asili ya Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na nadhari, yaani kutazama, na kwa hiyo kupima na kuchagua kwa busara. Jambo hili lina maana, kwa kuwa hata neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zimelirithi kwa wazo hilo hilo lina asili ya kutazama. Dhana, kwa upande mwingine, ni jambo linalodhaniwa, ambalo mtu analishikilia kabla ya kulipima. Kwa mujibu wa asili yake, basi, nadharia ingestahili kuwa jina la maelezo yaliyopatikana baada ya kutazama sana. Lakini matumizi ya shule na ya mtaani yamelipeleka njia nyingine. Kuna mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo. Fundi asiyejua kazi husemwa kuwa ana nadharia tu. Mpango usiotekelezeka huitwa wa kinadharia. Hivyo neno limepata harufu ya maneno matupu. Mwanafunzi anaposikia nadharia ya mageuko, husikia fikra ya mtu mmoja isiyokuwa na kazi. Anaposikia nadharia ya uumbaji, husikia kwamba imani ya wazazi wake nayo ni fikra ya namna hiyo. Shehe na padre wangekuwa na haki ya kulalamika pamoja na mwalimu wa biolojia.

Maneno mengine ya somo hili yana historia ya kushangaza zaidi. Kuumba ni neno la Kibantu, nalo kwa asili ni kazi ya mfinyanzi. Katika Kiganda, kubumba ni kufinyanga vyungu. Na katika simulizi za Wakikuyu mama wa kabila ni Mumbi, jina lenye maana ya mfinyanzi au muumbaji. Kiswahili kimeiacha kazi ya chungu kwa neno kufinyanga, na kuumba kukatengwa zaidi kwa Mwenyezi Mungu. Kutokana na shina hilo tuna umbo, kiumbe, viumbe, maumbile na uumbaji. Basi kila mara mwalimu wa sayansi asemapo viumbe hai, kwa asili ya neno anasema vitu vilivyoumbwa. Na asemapo maumbile, anataja matokeo ya kazi ya kuumba. Binadamu na mwanadamu nayo ni majina ya nasaba: wana wa Adamu. Hata zamadamu, neno lililoenea kwa ajili ya watu wa kale sana wa Oldupai, lina mwangwi wa zama na wa Adamu pamoja.

Je, tuseme kwamba Kiswahili chenyewe kimekwisha kuamua, na kwamba asemaye viumbe amekiri uumbaji? Hasha. Mtu asemapo kwamba jua limekuchwa hajakana kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Maneno hukumbuka imani za waliyoyatunga, lakini hayamfungi mwenye kuyatumia. Viumbe na maumbile yamefanya kazi katika vitabu vya sayansi kwa miaka mingi, wala Muislamu, wala Mkristo, wala asiyekuwa na dini hakuhitaji neno jingine.

Ni maneno mapya, wala si ya zamani, yanayoleta taabu. Mageuko limetokana na kugeuka. Katika hadithi za Kiswahili kugeuka ni jambo la mara moja: mtu hugeuka ndege, zimwi hugeuka kijana mzuri, na kesho hurudi katika hali yake. Kinachogeuka ni kiumbe mmoja, na hugeuka mbele ya macho. Si ajabu, basi, kwamba swali la kwanza la wanafunzi wengi ni lile lile: mbona nyani wa leo hawageuki watu? Kuuliza si ujinga. Swali hilo ni matokeo halali ya neno. Sayansi haisemi kwamba nyani aligeuka mtu. Yasema kwamba katika kundi la viumbe wanaozaana, tofauti ndogo hurithiwa, wengine huacha watoto wengi zaidi kuliko wenzao, na baada ya vizazi vingi sura ya kundi huwa nyingine; na kwamba nyani na mtu ni matawi ya shina moja la kale. Kinachobadilika ni kizazi baada ya kizazi, si mnyama mmoja.

Vivyo hivyo uteuzi asilia. Kuteua ni tendo la mwenye akili na mamlaka. Mteuliwa ana aliyemteua. Kwa hiyo istilahi hii humwingiza mteuzi mlangoni huku ikisema hayupo. Kosa hili si la Kiswahili peke yake. Darwin mwenyewe alilaumiwa kwa neno lake la Kiingereza kwa sababu hiyo hiyo, na katika chapa ya tatu ya kitabu chake, mwaka wa 1861, alilazimika kueleza kwamba hakukusudia kusema kuna anayechagua kwa hiari. Istilahi hazihitaji kutupwa, ila zahitaji kufafanuliwa siku ya kwanza ya somo.

Hapa ndipo fundisho la usanifu wenye akili linapopata nafasi. Hoja yake ni ya zamani. Mwaka wa 1802 William Paley wa Uingereza aliandika kwamba mwenye kuokota saa njiani hujua kuna aliyeitengeneza, na kwamba jicho la mnyama ni ajabu kuliko saa. Mwaka wa 1996 Michael Behe wa Marekani aliirudia hoja hiyo kwa kutaja viungo vidogo vya bakteria, akisema kwamba baadhi yake havingeweza kupatikana hatua kwa hatua. Mwaka wa 2004 halmashauri ya shule ya Dover, katika jimbo la Pennsylvania, iliagiza wanafunzi wasomewe tangazo lililowaelekeza kwenye kitabu cha usanifu. Wazazi walishtaki, na tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones aliamua kwamba fundisho hilo si sayansi na halikuweza kutenganishwa na asili yake ya kidini. Kenneth Miller, mtaalamu wa biolojia aliye Mkatoliki, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi upande wa wazazi.

Kwa wachunguzi wa lugha, sehemu iliyo bora katika kesi hiyo ni ushahidi wa matini. Rasimu za kitabu kile zilipolinganishwa, ilionekana kwamba rasimu za kwanza zilitumia maneno ya uumbaji, na kwamba baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kukataza mwaka wa 1987 sheria iliyolazimisha uumbaji ufundishwe kama sayansi, maneno hayo yalibadilishwa kuwa ya usanifu huku maelezo yakibaki yale yale. Katika rasimu moja mchapaji hakulifuta vizuri neno la kale: herufi zake za mwanzo na za mwisho zilibaki zimeshikana na neno jipya. Mhariri wa hati za kale ajua uzito wa kosa kama hilo. Jina lilikuwa limebadilishwa, na kitu kilikuwa kile kile.

Afrika Mashariki nayo ilipata mjadala wake. Mwaka wa 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalipokuwa yamefungwa kwa matengenezo, Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Kenya, alipinga mabaki ya kale ya Turkana kupewa mahali pa heshima kama ushahidi wa mageuko. Kati ya mabaki hayo yalikuwamo mifupa ya kijana wa Nariokotome, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984, yenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na nusu. Askofu alitaka mageuko yaonyeshwe kuwa ni nadharia moja tu kati ya nyingi. Richard Leakey alimpinga vikali. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka wa 2008, mifupa ilionyeshwa. Ni dhahiri kwamba neno lililobishaniwa Nairobi ni lile lile lililoandikwa ubaoni Dar es Salaam: nadharia.

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni mabishano ya wasomi, na kwamba mtoto wa Buguruni au wa Gerezani hapungukiwi na kitu akikosa kuyaelewa. La, anapungukiwa, na dalili zimo katika hospitali za wilaya yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, vimelea vya malaria visivyouawa na klorokwini vilionekana Afrika Mashariki. Mwaka wa 2001 Tanzania Bara iliiacha dawa hiyo, ikashika SP. Na kuanzia mwaka wa 2006 ikaingia dawa mseto. Usugu huo ni mageuko yanayotokea katika umri wa mtu mmoja. Hakuna kimelea kilichogeuka, wala hakuna aliyekiteua: vile vichache vilivyotofautiana na vingine viliokoka dawa, vikazaa, na watoto wao wakajaa. Mgonjwa anayeacha dozi katikati angefahamu hatari yake vizuri zaidi kama shule ingalimweleza hivyo.

Kadhalika selimundu, ugonjwa ambao Hospitali ya Muhimbili iliyoko Upanga imeushughulikia kwa miaka mingi. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa ushahidi kwamba mwenye kurithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu urithi huo, unaodhuru sana unapotoka kwa wazazi wote wawili, haukutoweka katika nchi za malaria. Mama asiyejua hayo aweza kudhani amerogwa au amelaaniwa. Ajuaye atapima damu yake.

Fundisho la usanifu halina jibu kwa mambo haya, kwa sababu halisemi ni jambo gani, likionekana, litalishinda. Hapo ndipo penye mpaka. Kwa uumbaji wa dini, jambo ni jingine. Muumini hasemi kwamba Mungu aliumba kwa sababu vipimo vimeonyesha hivyo, wala hangeacha kuamini kama vipimo vingeonyesha vingine. Papa Pius wa kumi na mbili, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa mtu, huku akishika kwamba roho huumbwa na Mungu. Wanazuoni wa Kiislamu wamekuwa na rai mbalimbali: wapo waliokubali mageuko ya wanyama na kumtenga Adamu, na wapo waliokataa yote. Louis Leakey mwenyewe alikuwa mwana wa wamisionari wa Kabete. Majadiliano hayo ni ya heshima na yana mahali pake. Tanzania imekwisha kuyapa mahali: Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia ni masomo yanayotahiniwa katika kidato cha nne. Huko uumbaji hufundishwa na ajuaye, kwa kirefu na kwa staha, badala ya kupewa sentensi tatu kabla ya mafuvu.

Kazi iliyobaki ni ya lugha. Tangu mwaka wa 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini katika sekondari mtoto hukabidhiwa maelezo kwa Kiingereza, na mwalimu huyafafanua kwa Kiswahili cha mdomoni, kisichopimwa na mtu. Hapo ndipo nadharia, kugeuka na kuteua huingia na maana zake za mtaani. Kama dhana ingeachiwa mambo yanayodhaniwa, imani ikaachiwa mambo yanayoaminiwa, na nadharia ikarudishiwa maana yake ya maelezo yaliyotazamwa na kupimwa, sehemu kubwa ya ugomvi ingekwisha kabla ya kuanza. Uumbaji ungeitwa imani, jina ambalo wenyewe wanalipenda. Mageuko yangeitwa nadharia, na mwanafunzi angejua kwamba jina hilo limetolewa baada ya kazi kubwa ya mikono, katika udongo wa nchi yake mwenyewe.